Mashine Ilikataa Vidole Vyangu

Kwako Mama yangu mpendwa,

Kifua chako kikoje sasa, na mvua ya huko Mbale inakuacha ulale? Mimi mwili uko sawa. Ni moyo tu. Siku hizi nikisikia pikipiki nje naacha hata sufuria kwa moto niende kuchungulia.

Unakumbuka nilipotoka jela, Baba Mdogo alisema mtu aliyemkata mwenzake panga hana kura tena mpaka azikwe. Nilimwamini. Huku Kericho sikumwambia mtu habari za jela, hata Chebet, jirani yangu ambaye tunachuma naye majani chai. Sasa juzi kanisani mchungaji akatangaza watu waende kujiandikisha kupiga kura, akaongeza kwamba hata aliyemaliza kifungo ana haki hiyo. Chebet akanishika mkono. "Twende, Kageha." Ningekataa, ningempa sababu gani?

Kituoni karani, kijana mpole tu, akaweka kidole changu kwa mashine ya alama za vidole. Ikakataa. Akajaribu kingine, ikakataa. Mama, vidole hivi hivi vilichukuliwa alama jela, nikajua basi, mashine imenitambua. Halafu akamwita askari wa mlangoni. Karibu nijikojolee. Kabla askari hajafika nikasema kwa sauti, foleni nzima ikisikia, "Nilimaliza kifungo changu! Nilifungwa kwa kukata mtu panga, lakini nilimaliza!"

Karani akaniangalia, akasema polepole, "Mama, hakuna mtu amekuuliza hayo. Kura ni yako. Hivi vidole vimezibwa na utomvu wa majani chai tu." Kumbe askari aliitwa alete ndimu na maji, maana wachumaji wote walikuwa wanasugua vidole kwanza. Nikasugua, nikapigwa picha, nikaandikishwa.

Lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Chebet hakurudi nami nyumbani. Kesho yake alienda kuchuma upande mwingine wa shamba. Nikaanza kungoja nyapara aje na pikipiki yake aniambie nifunge vitu vyangu. Na unajua msimu wa kura sisi watu wa kutoka nje tunalala na viatu miguuni, tayari kukimbia.

Leo jioni Chebet amebisha. Nimefungua. Amekaa kwa kiti, kisha akaniambia ndugu yake pia ametoka jela. Yuko Siongiroi, hatoki nje ya boma, anasema yeye si mtu wa kuhesabiwa tena. "Mimi hanisikii," Chebet akasema. "Wewe pengine atakusikia."

Nimekubali. Jumapili nitaenda naye Siongiroi, nikae mbele ya ndugu yake na watu nisiowajua, niseme tena yale maneno, na sasa hakuna mashine ya kunisukuma. Naogopa sana, Mama. Niombee.

Msalimie dada yangu anayekupikia, na shangazi aliyekuwa akiniletea sabuni jela. Baba Mdogo naye mwambie jina langu limeandikwa, na sijazikwa.

Ni mimi mtoto wako mwoga,
Kageha