Mstari Mweupe Unaanzia Thelathini na Nane

Jumatatu, 3 Machi

Nimemaliza kisahani cha majivu. Siku tatu! Kiko kwenye mlango wa kushoto wa ndege, kina kifuniko chenye bawaba, na sidhani kama kuna mtu aliyevuta sigara humo tangu niko shule ya msingi. Lakini kipo. Kwa hiyo na kwenye kompyuta kitakuwepo. Mtu akiwa nyumbani kwake anarusha ndege ya kuigiza, akasogeza kipanya hadi hapo, kifuniko kitafunguka. Ndani atakuta karatasi ya peremende, ya kijani, kama ile iliyomo kwenye ndege yenyewe.

Bosi kapiga simu kuuliza nimefika wapi. Nikamwambia mlango wa kushoto. Akauliza, na dashibodi? Nikasema dashibodi haikimbii.

Mama kaingia na chai, kasimama nyuma yangu akitazama skrini. Hiyo ndege inaenda wapi? Haiendi popote, mama, mimi natengeneza chumba cha rubani tu, mabawa na mkia ni kazi ya wengine. Akasema basi umejenga jiko bila nyumba. Akaondoka zake.

Jumatano, 5 Machi

Dashibodi. Skrubu arobaini na moja. Nimezihesabu kwenye picha. Mbili hazifanani na nyingine, maana yake kaka alizibadilisha, na mimi nimezichora hivyo hivyo hazifanani.

Kaka ndiye fundi wa ndege hii, kwenye kiwanja kidogo cha klabu ya marubani nje ya mji. Mwezi uliopita alinifungulia banda, nikapiga picha mia nane na kumi na mbili, nikapima kila kitu hadi unene wa swichi. Yeye alikaa juu ya ndoo akinitazama. Akasema hata hospitali hawampimi mgonjwa hivi. Kaka si mtu wa maneno mengi, lakini siku ile alikuwa na furaha, nilimwona. Hakuna anayekwenda kutazama kazi yake. Ndege ikiruka vizuri anasifiwa rubani.

Alikuwepo pia daktari wa meno, mwanachama wa klabu, anajifunza kurusha. Alinishikia tochi saa nzima bila kulalamika. Mtu mpole. Ana mikono mikubwa ambayo nisingependa iingie kinywani mwangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemaliza! Geji zote sita. Niliyoipenda zaidi ni geji ya mwendo: mshale mmoja, na kandokando yake mistari ya rangi — mweupe, wa kijani, wa njano, na kistari chekundu mwishoni. Nimechora kila kitu kilivyo, hadi pale kijani kilipobanduka.

Chumba kizima nimemtumia Bosi. Nakala moja nimempa daktari wa meno, shukrani ya tochi. Nimechoka hoi na nina furaha ya kijinga.

Jumapili, 9 Machi

Majaribio. Bosi ana kundi la wajaribu kwenye simu, watu arobaini na watatu, wengi hawajawahi kushika usukani wa ndege lakini maoni wanayo. Mmoja kasema kiti hakionekani kuwa na raha. Ni kiti cha ndege. Mwingine kauliza kama naweza kuongeza spika za muziki. Saba wamekiona kisahani cha majivu na kukisifu. Nimeyasoma ya hao saba mara nne.

Kapteni hajasema kitu. Huyu ni rubani mstaafu, amerusha ndege za aina hii miaka ishirini, na ndiye pekee kundini ninayemwogopa.

Jumatatu, 10 Machi

Kapteni kasema. Mbele ya wote! Chumba ni kizuri, ila binti kakosea geji ya mwendo. (Binti. Nina miaka thelathini na tisa.) Mstari mweupe kauanzisha kwenye thelathini na nane, na kwa ndege hii unaanzia arobaini na saba.

Nimekosea? Mimi?

Nikafungua picha. Ya mia nne na kumi na saba. Thelathini na nane, wazi kabisa. Nikaikuza ikajaa skrini, nikazungushia duara jekundu, nikaitupa kundini. Nikaandika: Kapteni, kwa heshima zote, mimi sibuni vitu, ndege ndiyo ilivyo. Namba ya usajili wa ndege inaonekana vizuri kwenye kibandiko juu ya geji. Niliiacha makusudi, asije akasema ni ndege nyingine.

Madole gumba kumi na tisa. Chai nimeinywa kwa maringo. Mama kasema leo nina uso wa mtu aliyeposwa.

Jumanne, 11 Machi

Kapteni kanipigia, si kundini, simu yangu. Hakuwa na hasira. Bora angekuwa nayo.

Picha ile umeipiga lini? Mwezi uliopita. Na ndege hiyo bado inaruka? Inaruka. Halafu akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtu aliyekalia kitu bila kujua. Mstari mweupe ni wa kutua. Pale unapoanzia ndiyo kasi ya chini kabisa, ukishuka chini ya hapo mabawa hayabebi tena, ndege inaporomoka. Na rubani anayetua, hasa mwanafunzi, hana nafasi ya kusoma namba. Anatazama rangi. Kwa hiyo kutoka arobaini na saba kushuka hadi thelathini na nane geji hii inamwambia uko salama, kumbe anaanguka.

Kasema geji hiyo imetoka kwenye ndege nyingine, ndogo zaidi. Amewapigia wakaguzi wa usalama wa ndege, wamemjibu alete maelezo kwa maandishi, pamoja na picha halisi na saini ya aliyepiga. Yaani mimi. Kisha akasema: wewe hukukosea, binti, kuna mwingine aliyekosea.

Sikumwambia fundi wa ndege hiyo ni nani. Nilikuwa sahihi kwa asilimia mia. Sijawahi kuwa sahihi nikajisikia vibaya namna hii.

Jumatano, 12 Machi

Kaka kaja. Kasema kaja kumsalimia mama. Alimsalimia kama dakika mbili, kisha akaja kusimama mlangoni pangu, mikono mfukoni. Ile picha imemfikia. Mmoja wa wale arobaini na watatu anafahamiana na mtu wa klabuni, ikazunguka, na duara langu jekundu juu yake. Nimejipalia makaa mwenyewe, na kaka nimempalia pia.

Nikamuuliza. Hakukana. Geji ya zamani iliharibika mwaka jana, mwezi wa tano. Nyingine ikachelewa kufika, klabu wakamkalia kooni, akang'oa moja kwenye ile ndege ndogo isiyo na injini iliyolala nyuma ya banda. Ya muda tu, wiki mbili. Zikaja mvua, ikaja injini ya ndege nyingine, akasahau. Kasema mshale hausemi uongo, namba ziko sawa, ni rangi tu. Kwenye kitabu cha matengenezo aliandika amefunga geji ya aina ya ndege hii, akatia saini.

Halafu kaniomba. Kaka, ambaye hajawahi kuniomba hata kiberiti!

"Mdogo wangu, sema ulikosea. Sema picha uliichanganya. Kwako ni gemu, ukikosea unarekebisha, basi. Mimi nikikosea wananinyang'anya leseni, na kazi nyingine siijui."

Nikamwambia basi izuie ndege isiruke. Akasema akiizuia watamuuliza sababu. Geji ya kweli kaagiza leo, itafika baada ya wiki tatu, ataibadilisha kimya kimya.

Mama kaita kutoka sebuleni: mnagombana? Tukajibu kwa pamoja, hapana mama. Kama enzi zile tulipokuwa tumevunja kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeandika kundini: samahani jamani, nilikosea picha. Sijatuma. Nimefuta. Nimeandika tena, nimefuta tena. Nakubali kabisa kwamba naweza kukosea. Ila haijatokea.

Nampenda kaka. Naliandika ili lionekane. Alinifundisha kushika bisibisi kabla sijajua kushika kalamu, na chochote ninachojua kuhusu kutazama kitu vizuri nilianza kukijua kwake. Ndiyo maana nina hasira naye hivi.

Bosi kapiga. Hana habari na hayo mengine, anataka tu geji ifuate kitabu cha ndege tutoe kazi mwezi huu. Nimeusogeza mstari hadi arobaini na saba. Imenichukua dakika nne. Watu wote wanaorusha ndege hii wakiwa wamekaa majumbani mwao sasa wako salama.

Ijumaa, 14 Machi

Kapteni kaniletea fomu ya wakaguzi mwenyewe, hadi mlangoni, kofia kaivua. Mama kamkaribisha chai, wamezungumzia magoti yao nusu saa. Fomu ni ukurasa mmoja. Iko mezani. Sijatia saini. Hata nikitia leo, Ijumaa ofisi yao hufungwa adhuhuri, wanafungua Jumatatu.

Kaka kaandika: umeshasema? Sijamjibu.

Saa tisa alasiri, ujumbe wa daktari wa meno. Kafungua kisahani cha majivu, kacheka sana. Na habari njema: kesho asubuhi anaruka peke yake kwa mara ya kwanza! Mwalimu atabaki chini. Anasema wiki nzima amekuwa akijizoeza kutua ndani ya chumba changu, na sasa haogopi tena, maana akiona mshale bado uko kwenye mweupe anatulia.

Nakala aliyonayo ni ile ya kwanza.

Nimeusoma ujumbe huo nimesimama. Nimempigia kaka mara tatu, ya nne akapokea, nikamweleza. Akasema mwalimu kamfundisha namba, atasoma namba. Nikasema mimi ndiye niliyemfundisha rangi! Wiki nzima, ndani ya chumba changu. Una uhakika atasoma namba? Akakata simu.

Nimwandikie daktari? Siwezi kumwambia mtu jambo kama hili kwa ujumbe. Huo ni uongo, naweza. Ninachoogopa ni jinsi litakavyosomeka likiwa na jina la kaka ndani yake. Kesho nitakwenda mwenyewe.

Jumamosi, 15 Machi

Saa tatu kasoro kumi asubuhi. Naandikia ndani ya ndege. Kiti cha kushoto, cha rubani. Mlango nimeubana kwa ndani.

Nilikuja kumwambia ana kwa ana. Maneno nilikuwa nayo tayari, niliyapanga njiani. Nikamkuta na shati jipya, mke wake kaja kumpiga picha, na kaka kasimama kando anapangusa mikono iliyokwisha kuwa safi. Daktari akafurahi kuniona. Kaka hakuniangalia. Nikasikia nasema kuna vipimo vimebaki, dakika mbili tu. Nikapanda, nikafunga.

Dakika hamsini sasa. Nimepima pedali. Nimepima pedali tena. Daktari kasema chukua muda wako, dada. Mwalimu anatazama saa yake, kisha mawingu, kisha mimi. Mke wa daktari kakaa kwenye ndoo.

Geji iko mbele ya uso wangu. Thelathini na nane. Niliichora vizuri sana.

Kaka kafungua mlango wa kulia kwa ufunguo wake, kaingia, kakaa. Kafunga. Tumekaa tunatazama mbele kama watu wenye safari. Kaniuliza umetia saini? Bado. Utatia? Nitatia, kaka, Jumatatu watakapofungua. Na hapa sitoki. Ningekuwa nimekosea ningesema. Akasema najua, ndiyo taabu yako. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

Saa tatu na dakika tano. Ananuka grisi na sabuni. Kauliza mweupe unatakiwa kuanzia wapi hasa, wakati anajua. Nikamwambia. Kaweka kidole juu ya kioo cha geji, hapo hapo kwenye arobaini na saba. Hajakiondoa.

Daktari anagonga dirisha langu kwa ukucha, polepole, kama anavyogonga jino asilolijua. Kaka kasema usifungue. Sasa kasema fungua, nitamwambia mimi. Nimeshika kitasa kwa mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia. Nimemuuliza utaanza na nini. Kafungua mdomo, kaufunga. Kafungua tena. Nje daktari kainama anatuchungulia, anatabasamu, na kaka bado anatafuta neno la kwanza —