Perege Watano Wenye Mikia Mizima

Bombambili,
Songea.
16 Machi 2024

Mpendwa Shangazi Walburga,

Shikamoo. Kabla ya habari za nyumbani, nakiri jambo ambalo hadi Jumatano sikuwa nimemwambia mtu yeyote: niliwatazama samaki watano wakifa, huku dawa ya kuwapunguzia mateso ikiwa kabatini.

Natumaini u mzima, na baridi ya Norwei imepungua. Sisi hatujambo. Mahindi ya baba yamebeba vizuri na mvua bado ipo.

Katika barua yako ya Desemba ulinieleza jinsi unavyotunza samaki wa utafiti kazini kwako. Tuliyafuata maelezo hayo shuleni. Mimi na Halima, mwenzangu wa Kidato cha Tatu, tulikuwa na perege kumi na wawili katika matangi mawili ya kioo. Tuliwalaza kwa mafuta ya karafuu, tukakata ncha za mikia yao, kisha tukatia maji ya majani ya mlonge katika tangi moja tuone kama kidonda kitapona upesi. Ripoti ilikuwa ya mashindano ya sayansi. Utunzaji ulikuwa juu yangu.

Jumatatu ya tarehe nne tulitarajia wageni kutoka ofisi ya elimu. Unajua kwetu mgeni akija, hata sufuria isiyotumika husuguliwa. Tangi la mlonge lilikuwa na utando wa kijani, nikaona aibu. Jumamosi nilibaki peke yangu nikalisugua kwa sabuni ya unga, nikajaza maji ya bomba palepale. Ulikuwa umeandika kwamba maji ya bomba yaachwe wazi kwanza, dawa yake itoke.

Samaki walianza kupanda juu wakihema. Uliandika pia kwamba samaki asiyeweza kupona alazwe kwa karafuu nyingi, asiachwe ateseke. Lakini mwalimu hutia alama ya kalamu kwenye chupa ya mafuta hayo, na yakipungua huuliza. Nilisimama tu. Wa tano alilala ubavu karibu saa nzima kabla ya kufa; wa sita peke yake alinusurika.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa mzee Amedeus, anayefuga perege nyuma ya nyumba yake. Nilimwambia nataka watano wa shule.

"Chagua wembamba basi," alisema, "shuleni hawashibi."

Sikufikiria mikia. Jumatatu Mwalimu Kajetani aliwaonyesha wageni samaki watano wenye mikia mizima, wakati wale wa tangi jingine bado walikuwa na makovu. Wageni walipiga makofi. Mmoja aliuliza kama mlonge unafaa kwa kidonda cha mama yake, mgonjwa wa sukari, na mwalimu akamjibu kwamba dalili ni nzuri.

Swali hilo lilinikaa moyoni. Jumatano ya wiki hii nilimweleza mwalimu yote, pamoja na habari ya chupa. Aliuliza, "Halima anajua?"

Halima hakujua. Nilimkuta darasani.

"Nimeandika kurasa kumi na mbili kwa mkono," alisema. "Unaniambia leo, nimefunga, siwezi hata kukutukana."

Mwalimu alimpigia simu yule mgeni akamwambia asitumie majani yale. Mimi nikaandika ripoti upya: kwamba samaki watano kati ya sita walikufa kwa sabuni na maji ya bomba; kwamba mtunzaji nilikuwa mimi; kwamba mafuta ya karafuu yalikuwepo na sikuyatumia; na kwamba kuhusu mlonge hatuna jibu. Halima aliisoma mara mbili, akatia saini chini ya jina langu. Jana niliipeleka posta.

Baba, mama na Remmy wanakusalimu. Bibi wa Peramiho anauliza utakuja lini. Mungu akulinde huko uliko, na hao samaki wako pia.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Ekaristia