Jepleting Alisimama

Nakuru,
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako dada yangu Chepkirui,

Pokea salamu zangu, wewe na wote ulio nao huko Ndabibi. Je, kifua kimekuachilia, au baridi ya asubuhi bado inakusumbua? Mimi ninakula na ninalala. Ni miaka mingi tangu tufukuzwe Kuresoi, lakini nikiamka bado huutafuta mlango upande ulikokuwa katika nyumba yetu ya kule.

Uliniuliza habari za mwanao. Nakuambia wazi: amenyimwa cheti cha ulemavu, na rufaa imekataliwa. Bila cheti hakuna ruzuku, wala nafasi katika chuo cha ushonaji. Jopo la madaktari liliandika kwamba Jepleting alisimama bila msaada, akawasalimu mmoja mmoja. Karani wao alinicheka, akasema mzee, msichana mrembo hivi mtafutie mume, si cheti.

Wakili wetu Wachuka, anayewatetea walemavu bila malipo, alipigana. Ana mzaha yule mama; alimwambia Jepleting kwamba hawa madaktari wanadhani mguu uliopondwa na lori huota upya kama kiazi. Kisha akauliza kwa makini kama kuna mtu aliyemwagiza asimame, maana hapo angeweza kuomba apimwe tena. Jepleting alijibu kwamba lilikuwa wazo lake mwenyewe. Wachuka akaandika. Mimi nilikuwa nimeketi pale pale, nikitazama kofia yangu.

Dada, ni mimi niliyemwagiza.

Siku ile ya jopo nilimvalisha gauni la kanisani, nikampa tembe mbili za maumivu, nikaacha magongo yake kwa askari wa geti na kumshika kiuno mpaka mlangoni. Nilimwambia sisi hatusalimii wakubwa tukiwa tumekaa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka. Kule kambini, baada ya kufukuzwa, tulimwonyesha makovu yetu kila mgeni aliyekuja na daftari, ndipo tupewe mahindi. Nilitaka mara moja tu mtu wa kwetu aingie ofisini kama mtu. Na alisimama, Chepkirui. Alisimama vizuri. Tulipotoka, mlango ulipofungwa nyuma yetu, alianguka, na hakuna daktari aliyeona.

Juzi nilimwendea Wachuka nikamweleza yote. Aliweka kalamu chini, akasema mzee, ungeniambia kabla ya uamuzi. Sasa muda umekwisha, na maneno ya binti mwenyewe yanatupinga. Hakunikaripia. Alinirudishia faili kwa mikono miwili.

Nilipomuuliza Jepleting kwa nini alimficha wakili kwamba ni mimi, alisema angewezaje kunitaja mimi, mjomba wake, mbele ya mgeni. Nafasi yake chuoni imepewa mwingine.

Wasalimie wote wanaonikumbuka, na ujifunike vizuri asubuhi. Jepleting anakusalimu sana. Ameniomba nisikuambie kwamba alianguka.

Ni mimi, ndugu yako,
Kiprugut