Utepe Chini ya Jabali

Jumamosi, 4 Machi
Mlimani tena kuhesabu ndege, bure, kama shemeji anavyopenda kunikumbusha: "Unalipwa manyoya?" Ndugu wa marehemu mume wangu huyo, hakosi neno. Nilikuwa na Darubini, nesi mstaafu – tunamwita hivyo kwa sababu haivui shingoni hata akila. Kiota cha tai, makinda mawili. Nikafurahi. Kumbe mkubwa anamdonoa mdogo kichwani, taratibu, mpaka akanyamaza. Mama yao pembeni, ametulia tu. Nikaokota jiwe. Darubini akanishika: ndivyo walivyo hawa, mama. Habari za Kaini nazijua tangu utoto, ila sikuwahi kuziona kwa macho. Tukafunga utepe mwekundu mtini chini ya jabali, wa zamu nyingine wasipotee. Kiota cha pili pia. Cha tatu, kule kwenye ukungu, utepe ukatuishia.

Jumanne, 7 Machi
Tai kabeba mwanakondoo wa shemeji. Kaapa atawatia adabu "wageni wako wa angani". Nikacheka. Debe tupu, nilidhani.

Jumamosi, 11 Machi
Ee Mungu. Viota viwili vimechomwa. Yule kinda Kaini, aliyemdonoa mwenzake, kapondwa kwa mawe, mabawa yamepigiliwa misumari mtini – palepale penye utepe. Mkono wangu ndio uliofunga. Wauaji tumewaonyesha njia wenyewe. Darubini kaniambia cha tatu tunakijua wawili, kibaki hivyo.

Jumapili, 12 Machi
Sikufika kanisani. Darubini kavamiwa njiani, watu watatu, marungu. Mkono umevunjika, meno ya mbele hayapo, jicho halifunguki. Walitaka awapeleke kwenye kiota kingine, kama kipo. Hakusema. Nimemlisha uji kwa kijiko, nusu unarudi na damu. Sura hakuziona, walijifunika. Viatu aliviona: mmoja kavaa mabuti ya mpira ya njano.
Ya marehemu mume wangu. Shemeji nilimpa mimi, baada ya mazishi.

Jumatatu, 13 Machi
Kaja asubuhi nikiwa nakunja nguo. Rungu kaliegemeza mlangoni kwa adabu, kama mtu anayeacha mwavuli. Mabuti kayaosha. Nikamwambia mkono wa Darubini umevunjika.
"Si anao mwingine?"
Halafu kwa upole: "Shemeji, wewe mtu wa sala, uongo huujui. Kipo kiota kingine?"
Nikakunja shati jingine. Katoa Biblia yangu rafuni, kaiweka mezani katikati ya nguo. Niape kwamba hakipo. Nikiapa, yameisha, sisi ni ndugu. Nikikataa, basi ninakijua, na nitawapeleka leo hii.
Nimeomba nisali kwanza. Niko chumbani, naandika haya, magoti hayataki kukunjwa. Sijawahi kumtaja Mungu kwa uongo, hata mara moja. Sebuleni anagonga meza kwa kucha.
"Shemeji, sala gani hiyo ndefu?"
Nimemjibu nakuja. Nimefunga kitambaa kichwani. Nimenawa mkono wa kulia, wa kuapia.