Anahesabu Nikiingia

Mpendwa Dada,

Hujambo huko? Mgongo umepata nafuu, au bado unainuka kitandani kwa awamu? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Sisi tu wazima wa mwili. Naomba barua hii uisome umekaa, tena peke yako.

Uliniuliza habari za mwanangu Pilipili, jina ulilompa mwenyewe siku alipokung'ata ukimvalisha soksi. Muhula huu hasira zake zilivuka mpaka. Alimchoma mwenzake penseli shavuni, chini kidogo tu ya jicho. Mwalimu mkuu aliniita, akasema mtoto wa miaka saba hawi hivyo bure, akatuelekeza kwa mshauri wa watoto.

Mshauri ni mama mmoja mpole, hana haraka. Chumbani kwake kuna mkeka, beseni la mchanga na udongo wa kufinyanga. Alimwambia Pilipili kwamba kukasirika si kosa, ila hasira ikipanda aweke mkono tumboni, avute pumzi, ahesabu hadi kumi. Mimi nilikaa kwenye benchi nje, nikitabasamu kila mlango ulipofunguliwa.

Shuleni akatulia. Mwalimu wake alinisifu, nami nikavimba kichwa. Lakini wiki ya nne mshauri alinionyesha mtu wa udongo ambaye mwanangu alimfinyanga: mrefu, hana uso, mkono mmoja mkubwa kuliko kiwiliwili. Alipomuuliza ni nani, Pilipili alijibu, "Mama amesema mambo ya nyumbani hayasemwi." Mshauri hakunigombeza. Aliniomba tu nirudi Alhamisi bila mtoto. Niliitikia vizuri, kisha sikwenda.

Juzi nilitoka kazini, nikatia ufunguo mlangoni, nikasikia sauti ndogo ndani: moja, mbili, tatu. Nilimkuta amesimama karibu na ukuta, mkono tumboni, macho ameyafumba. Kikombe kilikuwa vipande vipande sakafuni. Hakulia, hakujitetea. Alipofika kumi aligeuka, akanipa mgongo, akasubiri.

Dada, ni mimi. Tangu baba yake aondoke, nampiga. Ilianza kwa kofi, siku hizi ni waya wa pasi. Lile sweta analovaa hata jua likiwaka, mimi ndiye ninayemvalisha. Na juzi, nikimwona amesimama vile, nikijua kabisa anachosubiri, bado nilimpiga.

Sikuombi unisamehe. Njoo umchukue. Namba ya mshauri nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpigie yeye kabla hujanipigia mimi, umwambie yote, nami nitamfuata nikayaseme kwa mdomo wangu. Na nikikupigia simu kabla hujafika, nikacheka, nikasema mambo yametulia na nauli usiipoteze, usiniamini. Panda gari uje.

Nisalimie wote hapo, watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Mimi mdogo wako,
Mama Pilipili