Kahawa ya Siki

Rebeka, upo? Nimejifungia stoo ya hoteli, nacheka peke yangu.

Unajua maji ya hapa Mikumi yalivyo na chokaa. Asubuhi nikamimina siki kwenye tangi la ile mashine ya kahawa, nikaiacha iloweke ili isafike ndani. Bosi Evarist nikamwambia kabisa asiiguse.

Naenda kuanika vitambaa, narudi, nakuta wageni, wakubwa wa ofisi fulani kutoka Kilosa. Kila mmoja ana kikombe mkononi, na bosi anawahutubia habari za kahawa ya Italia!

Shoga, ile siki. SIKI!

Nikamnong'oneza, "Bosi, tangi halijasuuzwa."

Akanijibu kwa sauti, "Naomi, usiwasumbue wageni."

Mkubwa wao akapiga funda. Uso ukajikunja wote. Nikajua leo kazi sina. Mara akafumba macho, akasema, "Hii ndiyo yenyewe. Nilipokuwa Ulaya tulikuwa tunakunywa yenye uchachu hivihivi."

Uchachu hivihivi, Rebeka! Na wenzake wakaitikia, "Kweli mzee, ndiyo yenyewe," huku machozi yanawalengalenga. Hakuna aliyebakiza.

Wakati wa kuondoka mzee kaagiza kahawa hiyohiyo kwa semina yao ya wiki ijayo. Watu arobaini!

Walipotoka bosi akaonja yake. Akaniita jikoni, akafunga mlango. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatisha.

"Naomi, siki imebaki kiasi gani?"