Msalaba wa Katoni Mlangoni

Schaerbeek, Bruxelles

Kwako Yaya Furaha,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Mgongo wako unaendeleaje? Na Papa, bado anabishana na dawa zake za presha? Sisi huku wazima. Jonathan amerefuka hadi viatu vyake sasa vinanienea mimi. Mimi nakula, naenda kazini, nalala. Ukiniuliza zaidi ya hapo sina la kukueleza, na si kwamba nakuficha.

Tangu Mama afariki, mwili wangu uko kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Nauona ni wangu, lakini siusikii. Asubuhi ile uliponipigia simu nilisema asante kwa kunijulisha, nikapanda metro hadi Schuman, nikasafisha ofisi zangu kama kawaida. Njia za kuja Bukavu zilikuwa zimefungwa. Watoto niliwaambia, wakalia, nikawafuta machozi, nikapika. Mtu mwingine hapa sikumwambia. Najua nyumbani wanasema Ulaya imenikausha moyo. Usiwagombeze, hata mimi nimewaza hivyo.

Sasa sikia ya wiki hii. Shule zimefungwa kwa likizo ya Watakatifu Wote, na siku hizo hizo huku ni za Halloween: watoto wanapamba milango kwa vitu vya kutisha, wanazunguka kuomba pipi, zile bonbon. Pasta wetu hataki hata kusikia. Mimi sikuwa na nguvu ya kukataza. Niliwaambia wangu waweke simu chini, wafanye kitu cha mikono. Grâce anajidai mtu mzima siku hizi, ila ukimpa mkasi na gundi anausahau utu uzima wake.

Wakachovya bendeji kwenye gundi iliyochanganywa na maji, wakaitandaza juu ya chupa. Ilipokauka wakatoa chupa, na bendeji ikabaki imesimama yenyewe, mzimu mweupe usio na mtu ndani. Vibomba vya katoni vinavyobaki karatasi ya choo ikiisha wakavigeuza mishumaa: Grâce alidondosha gundi ya moto pembeni ili ionekane nta inayotiririka, wakapaka rangi nyeupe, juu wakaweka taa ndogo za betri. Jonathan akakata katoni la friji, likawa kaburi lenye msalaba. Alilipaka rangi ya majivu kwa sponji mpaka ungesema ni jiwe kweli. Akaniuliza aandike jina gani. Nikamwambia asiandike la mtu yeyote.

Wakaweka kaburi na mishumaa nje ya mlango wetu, wakarudi ndani kukata popo wa karatasi nyeusi. Hawajamaliza hata popo mmoja, mlango ukagongwa. Alikuwa Koko wa ghorofa ya chini, mama mzee aliyeletwa na mwanawe kutoka Goma mwaka jana. Halloween haijui. Alikuwa ameshavua viatu na kujifunga kitenge kiunoni, kama anayeingia matangani.

"Maman Grâce, ni nani alikufa? Juu ya nini mulinyamaza?"

Grâce akaanza kucheka. "Non, Koko, ni ya kuchezeya tu, c'est pour Halloween."

"Nyamaza kwanza, mutoto. Mi naongea na mama yako." Akaniangalia. "Hata kama croix, ile musalaba, ni ya kuchezeya, sura yako haiko ya kuchezeya. Ni siku mingi minaiona. Ni nani?"

Ningeweza kumwambia amekosea, akavaa viatu akaenda zake. Nikasema, "Ni mama yangu. Alikufa Bukavu."

"Bon. Ikala chini."

Yaya, alisukuma meza ya sebuleni ukutani kwa mikono yake, akatandika blanketi sakafuni, akanikalisha. Akaniuliza jina la Mama. Nikamwambia Nsimire. Basi akalilia jina hilo, yeye asiyewahi kumwona Mama, akaliita mpaka ngazi zote za nyumba zikalisikia. Watoto waliacha mikasi wakaja kukaa karibu yangu. Mama wa Kituruki wa mlango wa pili akaleta bakuli la supu ya dengu, akaliweka chini, akarudi kwake.

Mimi sikulia, nisikudanganye. Lakini Koko alipoondoka nilisikia njaa, nikaila supu yote.

Amesema atarudi kesho na wamama wengine wa Kivu, na anataka niwasimulie Mama alivyozikwa. Kesho nitawaambia sijui, wasubiri barua yako. Siku ile ulipoanza kunieleza nilikukatiza, nikakwambia inatosha. Sasa naomba unieleze. Nani alimuosha? Mlimvalisha kitenge kipi? Kabla ya kufa aliuliza habari zangu? Usinifupishie, na usinihurumie. Barua hii ataileta shemeji wa pasta wetu anayesafiri kuja huko, mpe majibu kwa mkono wake, maana kwenye simu nitakukatiza tena.

Msalimie sana Papa, mwambie ameze dawa zake. Msalimie mume wako, shemeji yangu mwenye utani. Msalimie shangazi anayeuza samaki, na mdogo wetu wa mwisho na mke wake. Msalimie Mama

Yaya, mkono umeandika wenyewe. Nimeliacha hapo, sikulifuta. Naishia hapa, karatasi imelowa na Grâce anauliza nina nini.

Mdogo wako,
Esther